Ngozi Changa ya Muundi Wako

Mpendwa mayu, mama yangu,

Juzi nilijimwagia uji wa moto mkononi. Kabula, mjukuu wako uliyemwacha ananyonya, akakimbia akaja na kapsuli ya rangi mbili, tayari anataka kuipasua aninyunyizie unga wake. Nikamwambia, "Rudisha hiyo. Lete maji." Akaninunia. Nilikuona wewe kabisa: kiburi kile kile, kapsuli ile ile.

Ilikuwa miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa, wanunuzi wageni wanapigia honi malori yao pale Nkololo utadhani kuna arusi. Chumba cha ghala la ushirika kikageuzwa duka la dawa, na kila mtu akawa daktari. Zahanati walishaanza kudai mchango na foleni ilikuwa ndefu. Dukani ulitaja tu rangi, ukapewa. Mvua za kwanza zilipoanguka, ng'ombe wakashtuka shambani, ukajikata muundi wa mguu kwa plau.

Kila asubuhi ulikaa mlangoni juani, ukapasua kapsuli na kumwaga unga juu ya kidonda, hadi kikafanya kigaga cheusi, kigumu. Hukutaka kabisa maji yakiguse. Majirani wakija kukusalimia unawanyooshea mguu. "Kimekauka," unasema, nao wanakupongeza, maana kwetu kidonda kikikauka kimepona, hakuna mjadala. Mimi nilikwambia kinanuka. "Pua yako ndiyo mbovu," ukanijibu.

Halafu zikaja homa na mtoki kinenani, mguu ukavimba mpaka ukashindwa kusimama. Baba akakupakia kwenye baiskeli, mimi nasukuma nyuma, hadi hospitali ya Bariadi. Nesi alilowanisha kigaga kwa maji ya chumvi, akakibandua taratibu. Ee mayu, ulivyopiga kelele! "Unanifumua! Kilikuwa kimeshapona!"

"Kimepona juu, mama," akasema. "Kidonda kinatakiwa kianze kupona chini." Usaha ulitoka mpaka baba akaangalia pembeni. Daktari akasema twende Mwanza wakapime mfupa. Ukiwa umeoza, mguu utakatwa.

Baba aliuza dume la kulimia, tukapanda basi. Tulikuwa tumekaribia kufika. Ndipo ukauliza, "Wakiukata, nani atashika plau?" Baba akajibu, "Mimi." Ukacheka, ukacheka mpaka machozi, maana mistari ya baba ilipinda hadi ng'ombe wenyewe walishangaa. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia mguu wako ulioegemea mfuko wa nguo na nilikuwa naogopa sana.

Mfupa ulikuwa mzima. Wakakiosha kidonda kila siku na kukifunika kwa kitambaa kibichi, jambo ulilolilalamikia kwa kila aliyepita wodini. Pole pole kikajaa nyama nyekundu. Baadaye wakakata ngozi pajani mwako, nyembamba kama ganda la kitunguu, wakaibandika kwenye muundi. Siku ya kufungua bandeji ulifumba macho ukaniambia nitazame mimi. Nikatazama. Ilikuwa imeshika. "Ipo, mayu," nikasema. Bado hukufumbua, ukataka nirudie.

Nesi wa pale akanifundisha kuiosha: maji ya uvuguvugu, usisugue, kausha kwa kugusagusa tu. "Hii ni ngozi changa," akasema, "ichukulie kama ya mtoto mchanga." Nyumbani nikawa nakuosha hivyo kila jioni, nawe unatoa amri kama jemadari. Mvua zilizofuata ulishika plau. Majirani walipokuja uliwaonyesha kiraka, kisha ukawatania wanaume kwamba mahali kilipotoka hawataonyeshwa.

Nakukumbuka, mayu. Watu hapa wananiona mkavu, kwa sababu siku uliyofariki sikupiga yowe. Moyo wako ulikuwa umechoka, tulijua. Nilipanga mikeka, nikahesabu vikombe, nikawapokea wageni.

Wanawake walipoingia kukuosha nikaomba niingie. Shangazi alikuwa upande wa kichwa, mimi nikachukua miguu. Nilipofika kwenye muundi nikaiona ngozi ile, inang'aa kidogo, haina hata ufa. Nikaweka kitambaa kikubwa chini, nikachukua kingine laini. Nikaanza kugusagusa.

"Fanya haraka," shangazi akasema, "maji yanapoa."

"Subiri," nikamwambia. "Hapa nikisugua ataumia."

Shangazi akanitazama. Akaniongezea maji ya moto.

Lala salama, mayu. Mkono wangu unaendelea vizuri, na Kabula ndiye anayeuosha.

Binti yako wa kwanza,
mwenye pua mbovu