Breki ya Mkono wa Kulia

Baba,

Dua nimekusomea asubuhi, kwa hiyo haki yako hiyo nimeitimiza. Barua hii ni ya ugomvi.

Mama ametoka eda. Nguo zako tumezitoa sadaka, na saa yako anaitia ufunguo kila siku ingawa hakuna anayeivaa. Baiskeli yako ya gia, ile uliyoinunua mtumba pale Darajani, sasa anaipanda Nassor. Mama ndiye aliyetaka apewe yeye, maana kazi aliyoipata ni Kianga, karibu na skuli uliyokuwa ukisomesha, basi njia ni ile ile na kilima ni kile kile cha Masingini.

Kiti alikiinua, kwa kuwa mwanao amekushinda urefu. Lakini usukani hakuthubutu kuugusa. Nilimwambia mkono wa breki ya kulia umeingia ndani mno, umekaribia katikati, akanijibu kama niliyemtukana: "Baba kauwacha hapa, na mimi ntauwacha hapa hapa." Kusema kweli, hata mimi sikutaka uguswe. Hapo ndipo vidole vyako vilipoishia.

Taabu ni kwamba vidole vyake si vyako. Wewe ulikuwa ukivuta breki kwa ncha za vidole viwili. Yeye anaikamata kwa kiganja kizima kama anayekama ng'ombe, na mkono wa breki ukirudi unambana vidole vya pembeni kabla gurudumu halijashikwa. Wiki iliyopita alikuwa akiteremka Masingini, mwanamke mmoja akavuka njia na mtoto mkononi. Nassor akavuta, breki haikushika, akachagua mtaro. Alirudi nyumbani kiwiko kimechunika na shati limepasuka, na Mama akalia kilio kile kile cha siku yako. Nikasema basi, sitozika mtu mwingine kwa ajili ya skrubu moja.

Nikaitafuta alenki yako, kile kichuma kilichopinda ulichokuwa ukinipa nikushikie huku Mama akilalamika, "Mtoto wa kike na spana, ataolewa na nani huyu?" Nassor alikuwa uani, kitambaa kimemzunguka kiwiko, ananikataza. Nikamwambia nasafisha tu.

Nililegeza skrubu, mkono wa breki ukasogea. Chini yake rangi nyeusi ya usukani ilikuwa imekwaruzika duara, chuma kinaonekana. Pembeni yake duara jingine. Kisha jingine, na jingine, kutoka karibu na kishikio cha mpira mpaka hapo ulipoishia. La kwanza limeshika kutu, la mwisho bado linang'aa. Upande wa kushoto lipo moja tu.

Baba, ulikuwa ukiusogeza ndani, vidole vyako vifikie ncha yake. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba breki ukiivutia kwenye ncha ya mkono wake haitaki nguvu nyingi. Mkono wako wa kulia ulikuwa unakufa kidogo kidogo, na wewe ukaifuatisha breki nayo, kidogo kidogo.

Nikabonyeza gia, nayo iko upande ule ule wa kulia, kwa dole gumba. Haikwenda. Waya wake umeganda kwa kutu, ni muda mrefu hukuibadilisha. Sasa kile kilima ulikuwa ukikipandaje? Ulikuwa ukishuka, unaikokota. Halafu unaingia ndani magharibi, jasho limekulowesha, unatwambia, "Nlikaa barazani na watu, mazungumzo yakanoga." Na siku nilipokuuliza kwa nini breki zako haziko sawa, ukacheka: "Wazungu ndo wanavyofanya." Mzungu gani, Baba?

Msibani kila mtu alisema umeondoka ghafla, na afya yako. Mama mpaka leo anajiliwaza na neno hilo. Mficha maradhi kilio humfichua, ulimwambia hivyo yeye alipoificha homa yake. Wewe hata kilio hakikukufichua, imekufichua skrubu. Ungetwambia! Tungekupeleka hospitali, na kama isingefaa, ningekuja kukupokea pale chini ya kilima, nishike upande mmoja wa usukani na wewe ushike mwingine. Nimekukasirikia, na kumnunia marehemu ni kazi ngumu, maana hageuki kukutazama.

Nassor aliyaona maduara. Akayapitishia kidole moja moja, kisha akasema, "Kumbe mwenyewe akiusogeza. Basi usogeze."

Nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikampandisha juu ya kiti, nikamwambia afumbe macho, mikono ailaze kwenye usukani ikae inavyotaka yenyewe. Breki ndiyo imfuate mtu, ulikuwa ukisema. Vidole vyake vilipotulia nikatia alama ya chaki, nikauleta mkono wa breki mpaka kwenye alama. Ukakaa juu ya lile duara lenye kutu, la kwanza kabisa, pale ulipokuwa ukivutia wewe ulipokuwa mzima. Nililia. Nassor akadhani nakionea huruma kiwiko chake, akaniambia hakiumi sana.

Nimekaza skrubu, lakini si mpaka mwisho, ili akianguka mkono wa breki uzunguke usivunjike. Waya wa gia nimeutia mpya. Na yale maduara mengine nimeyazungushia utepe mweusi, Mama asiyaone. Tazama ulivyonifanya: hata wiki haijapita tangu nijue siri yako, na mimi nimeshaanza kuficha.

Sitaki kurithi hilo. Utepe nitaubandua mwenyewe, mbele ya Mama, na nitamshika mkono nikimwonyesha. Na siku mkono wangu utakapoanza kulegea, nakuahidi, nitasema siku hiyo hiyo, nitasema kwa sauti mpaka majirani wafungue madirisha.

Lala sasa, Baba, Mungu akupe raha. Leo Nassor amekipanda kilima chote bila kushuka. Amerudi kabla ya magharibi, na nilikuwa nimesimama mlangoni.

Mwanao,
Zuwena