Hawakufa, Wamehama

Kwa Baba yangu mpendwa, Kakuma,

Ejok, Baba. Ejok na wewe dada yangu Akiru, unayetoka Lodwar kwenda kumsomea barua hii. Mmeamkaje? Lile goti la Baba linaendeleaje? Mimi ni mzima, nakula samaki mpaka nimeota mashavu, na baridi ya huku kaskazini mwa dunia nimeizoea kiasi cha kuvua kofia mchana.

Barua yenu imenifikia. Baba, unasema majani yamekwisha, mtahama na mifugo wala hamjui mtaishia wapi, na unaogopa nitarudi nikute manyatta tupu nisijue pa kuwatafuta. Lakini ngoja kwanza nikupe habari za kazi.

Mashua yetu inafuata nyangumi. Usicheke, hatuwachungi! Mmoja tu anashinda kwa ukubwa lori la posho linalokuja hapo Kakuma. Bosi wetu ni mama mmoja, Daktari Ingrid, anayetaka kujua wako wangapi. Nahodha ni Mzee Olav. Mimi natunza injini, na mwaka jana nikapewa daftari niwahesabu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kuhesabu wanyama, Baba? Wewe si ulinichapa kwa kosa hilo hilo? Mkono ulikataa kabisa. Nikawaandika kama tunavyowajua mbuzi wetu: huyu mkia mweupe wote, huyu mweusi mwenye michirizi kama ya kucha, huyu ncha ya mkia imekatika. Nikawachora mmoja mmoja. Mahali pa idadi pakabaki wazi.

"Ekal, nimekuomba namba, umeniletea picha?" Daktari akauliza.

Nikamwambia kwetu anayehesabu mifugo anaita msiba. Wapi! Akasema msimu ujao nisipoandika namba, nifunge virago.

Basi mwaka huu tukarudi kwenye ghuba ile ile tulikowaona, wakati ule ule. Hakuna hata mmoja. Siku ya tatu, ya tano, ya tisa, maji matupu. Mzee Olav akasema ujanani mwake barafu ilikuwa ikishuka hadi mdomoni mwa ghuba, lakini sasa bahari inapata joto na barafu inarudi nyuma. Daktari alidhani wamekufa. Alilia mbele yetu sote, Baba, bila kujificha, na mimi nikamhurumia sana.

Nikasema, "Mama, kwa nini tunakaa kwenye kisima kilichokauka? Tufuate malisho." Malisho ya nyangumi ni visamaki, na visamaki hao wanapenda baridi. Mzee Olav alinitazama, akacheka, akaniambia niwashe injini.

Siku mbili tukaenda kaskazini mpaka ukingoni mwa barafu. Ala! Wamejaa! Mmoja akainua mkia: mweusi, michirizi ya kucha.

"Huyu namjua!" nikapiga kelele.

Daktari akakimbilia daftari langu la mwaka jana. Mara akaja mkia mweupe, kisha yule wa ncha iliyokatika. Walikuwa wale wale. Ningeandika namba tu, tungejuaje? Daktari alinikumbatia mbele ya wenzangu mpaka nikaona haya. Siku hizi anahesabu yeye, mimi nachora, na nimeongezewa msimu mmoja. Nina furaha, Baba, sikufichi.

Ila wamekonda kidogo, maana safari yao imekuwa ndefu. Mzee Olav anauliza barafu ikizidi kurudi nyuma watahamia wapi tena.

Nisalimie Mama, mwambie koti alilonipa nalivaa hata nikilala. Nisalimie shangazi msuka vikapu wa Lodwar, na mjomba mvuvi wa kule Kerio, mwambie nimeona samaki wa kumnyamazisha.

Baba, hameni bila wasiwasi. Msisumbuke kuniachia alama. Nikikuta manyatta tupu nitauliza mvua ilinyesha wapi, nitatembea, na nikimwona yule mbuzi wetu mwekundu mwenye sikio lililochanika, nitaweka mzigo wangu chini. Nitakuwa nimefika nyumbani.

Mimi mwanao, mtunza injini na mchora mikia,
Ekal