Leo nimeapa kwamba sikuzaliwa leo

Jumanne, 19 Agosti. Guildford.

Upepo umeanza tangu alfajiri na haujapumzika. Pipa la taka la jirani limelala barabarani, mfuniko wazi, na hakuna anayeliinua. Nimekaa mezani jikoni na koti juu ya sweta. Ni saa nane mchana, leo sikwenda kazini, mgongo unauma kama kawaida yake. Shajara, leo sina la kukufurahisha.

Leo ni siku yangu ya kuzaliwa. Ile ya mama, aliyoikumbuka yeye.

Kwa asiyetujua, nieleze. Tulipovuka kutoka Kongo na kufika kambini Tanzania nilikuwa na miaka tisa. Karani wa kuandikisha watu alimuuliza baba tarehe zetu za kuzaliwa. Baba alikuwa hajalala siku nne, akasema hakumbuki. Basi karani akatuandika Januari mosi sote wanne: baba, mama, Dada Mapendo na mimi, akatofautisha miaka tu. Mama alikuwa kwenye foleni ya maji. Aliporudi na ndoo yake alikuta ameshazaliwa Januari mosi, yeye na watoto wake, na karani ameshaita familia nyingine.

Tarehe hiyo imetufuata kwenye kadi ya chakula, kwenye viza ya kuhamia huku Guildford, mpaka kwenye leseni ya gari. Kanisani kwetu Fairfield, mwaka mpya ukiingia, nusu ya kwaya wanatimiza umri siku moja na keki moja inatosha. Tunacheka sana. Kila mmoja wetu ana tarehe mbili, ya kambi na ya mama, na hakuna mtu mzima asiyejua ipi ya kuandika kwenye fomu. Unaandika ya kambi. Ya mama inabaki nyumbani.

Mimi nilijua vizuri kabisa. Nikaandika ya mama.

Nahudumia wazee, mwaka wa tisa huu. Nawaosha, nawavisha, nawageuza kitandani, nawainua. Mwaka juzi daktari alinionyesha picha ya uti wa mgongo wangu, akaweka kidole kwenye pingili mbili za chini, akasema hizi hazina maisha marefu nikiendelea kuinua watu. Nina miaka thelathini na minane, tangu Januari au tangu leo asubuhi, inategemea unamuuliza nani. Nikitembea kutoka kituoni hadi nyumbani nasimama mara mbili na kujifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Ofisi yetu kubwa iko Parramatta, na pale panahitajika mtu wa kupanga zamu. Mtu wa kukaa kwenye kiti. Meneja ananitaka mimi kwa sababu nawajua wazee wote na najua nani hapatani na nani, lakini sharti la nafasi ile ni shahada. Kusoma jioni kwenye chuo cha hapa ni miaka sita. Mgongo wangu hauna miaka sita.

Ndipo nikapata chuo kimoja cha Marekani kinachokubali mitihani badala ya madarasa. Unajisomea mwenyewe, unajiandikisha kwa kampuni nyingine inayosimamia mitihani, unafanyia nyumbani mbele ya kamera, na ukifaulu unahesabiwa somo zima. Stashahada yangu ya hapa walinihesabia nusu ya shahada. Nusu iliyobaki ilikuwa mitihani kumi na minne.

Nimefaulu yote. Kumi na minne, katika mwaka mmoja na miezi mitano.

Naomba niruhusiwe kujisifu kidogo, maana leo sitapata nafasi nyingine. Nilisoma kwenye treni. Nilisoma chooni kazini, nimekalia kifuniko, dakika kumi za chai. Nilisoma takwimu, uhasibu, saikolojia, na historia ya Marekani, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe navijua kwa mpangilio kuliko vita vilivyonikimbiza mimi. Kila mtihani nilizungusha kamera ya kompyuta kuonyesha chumba, nikaonyesha chini ya kitanda, nikaonyesha masikio yangu yote mawili, nikaonyesha leseni. Wasimamizi walitazama jina na picha. Tarehe hakuitazama hata mmoja wao. Kanisani wakaanza kuniita Profesa, na mimi nikaitika.

Sasa niseme kwa nini niliandika ile tarehe, maana Dada Mapendo ameniuliza mara nyingi na kila mara nimemdanganya. Nimemwambia nilikuwa nimechoka, vidole viliteleza.

Havikuteleza. Mama alikuwa na wiki tatu kaburini. Alifariki hapa hapa, katika chumba kile pale, na kila karatasi niliyosaini baada ya kifo chake ilisema naye alizaliwa Januari mosi. Cheti cha kifo, msalaba, kila kitu. Nilikasirika mno. Jioni ile nilifungua fomu ya kampuni ya mitihani, nikafika kwenye tarehe ya kuzaliwa, nikasema moyoni: hii shahada nitaifanya na tarehe yake. Kitu kimoja duniani kilichoandikwa alivyosema yeye. Nikaandika 19 Agosti, nikabonyeza, nikalia, nikaenda kupika.

Ujinga wa mtu anayejua ndio mbaya kuliko wote.

Mwezi uliopita chuo kiliomba matokeo yangu kutoka kwenye kampuni ile. Kikajibiwa kwamba mwenye jina hilo yupo, ila tarehe hailingani na pasipoti niliyowapa wao chuoni. Barua pepe ya kampuni ilikuja nikiwa namvisha soksi bibi mmoja wa chumba cha mwisho. Waliandika kwa adabu sana. Kwamba matokeo yote kumi na minne yamezuiwa. Kwamba inawezekana mitihani ilifanywa na mtu mwingine. Nikaisoma mara tatu, soksi moja bado mkononi, mpaka bibi wa watu akaniuliza kama kuna mtu amekufa.

Niliwaandikia maelezo marefu. Kambi, karani, foleni ya maji. Wakajibu kwa mistari minne. Wanataka kiapo cha maandishi, kilichoshuhudiwa, kinachosema kwamba tarehe niliyowapa si ya kweli na kwamba ya pasipoti ndiyo ya kweli. Wakikipata wataanza uchunguzi. Wanaweza kukubali, wanaweza kufuta yote.

Dada Mapendo hakunionea huruma. Yeye bado anasema Kiswahili cha kwetu kama tulivyotoka nacho. "Ile ya mama ni ya ku nyumba, Faida. Ya kambi ndiyo ya Leta." Leta kwa watu wa kwetu ni serikali. Kisha akasema nisaini na niache kiburi, kwani mama hasomi barua pepe.

Nimezunguka na ile fomu ya kiapo wiki mbili. Nilitafuta njia ya katikati. Nilitaka kuandika "tarehe isiyolingana na hati zangu", maneno ambayo yangekuwa kweli tupu. Wakakataa. Wanataka neno lao, si ya kweli. Na matokeo hayawezi kupelekwa chuoni bila hilo neno.

Jambo jingine linaniuma na nitalisema hapa tu. Sijui kama mama alikuwa sahihi. Hakusoma. Tarehe aliambiwa na mtawa wa zahanati aliyemzalisha, akaishika kichwani miaka yote ile, kuvuka mpaka, kambini, mpaka Guildford. Huenda iliteleza siku moja mbili njiani. Lakini kila mwaka, tarehe 19 Agosti, aliingia chumbani kwangu saa nne asubuhi, au alinipigia simu kazini, na hakusema heri wala nini. Alisema, "Leo, saa kama hii, ulikuwa unaniua, weye." Kisha anacheka, anaanza kunisimulia upya, mvua, mtawa aliyemfokea, kitenge alichonifungia. Wakati mwingine nilimkata maneno, nikamwambia mama nina kazi.

Fomu ilikuwa na siku ya mwisho, nayo ni leo kabla ya jioni. Sikuichagua mimi. Leo asubuhi nikapanda treni vituo viwili hadi Fairfield. Katika maktaba ya pale kuna meza wanapokaa wazee wa kujitolea wenye kibali cha kushuhudia viapo, JP wanaitwa, na kwa wiki hii zamu yao ni Jumanne kuanzia saa nne. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Alikuwepo mzee mmoja, sweta la kijani, miwani imefungwa kamba shingoni. Akasoma fomu yangu pole pole, kidole chini ya kila mstari. Akachukua leseni yangu, akaona Januari mosi, akainua uso.

"Yangu ni Julai mosi," akasema. "Iraki. Kijiji kizima Julai mosi."

Sikutegemea. Nilidhani sasa ataniambia kitu, kuna kifungu fulani, kuna njia anayoijua yeye kwa sababu amekaa upande huu wa meza miaka mingi. Akanirudishia leseni. Akasema ni lazima aniulize, na aliuliza akinitazama machoni kama sheria inavyotaka: haya uliyoandika hapa ni ya kweli?

Alijua. Nilijua kwamba anajua.

Nikasema ndiyo.

Nikasaini. Naye akasaini, akagonga muhuri, kisha akaandika tarehe kwa mkono wake, kwa herufi kubwa za mtu mzima asiyeona vizuri. 19 Agosti. Karatasi inayosema sikuzaliwa tarehe 19 Agosti imeandikwa 19 Agosti chini kabisa, na juu ya meza yake saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi. Mzee naye aliona tarehe ile. Akaifunika karatasi kwa kiganja chake, halafu akaniambia niende salama.

Nimeituma nikiwa bado kwenye jukwaa la kituo, kwa simu, upepo unataka kuninyang'anya karatasi. Jibu limekuja kabla treni haijafika. Wameipokea. Uchunguzi unaweza kuchukua wiki nane. Meneja wangu atashikilia ile nafasi mpaka mwisho wa Septemba, na hapo ni wiki sita.

Nimefika nyumbani nimelala chali sakafuni nusu saa, ndiyo dawa pekee ya mgongo huu. Halafu nikafanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya mwaka jana. Nikafungua tovuti ya chuo, nikatafuta mfano wa cheti chao. Kina jina la mwanafunzi, jina la shahada, saini mbili na nembo.

Hakina sehemu ya tarehe ya kuzaliwa.

Nimeitazama ile picha muda mrefu. Hata mambo yangeenda sawa, tarehe ya mama isingeonekana popote. Ingekaa tu kwenye kompyuta ya kampuni, mahali ambapo hakuna mtu angeisoma. Na sasa hata huko haitabaki, nimeiondoa kwa mkono wangu, kwa kiapo.

Dada Mapendo amepiga simu, ameuliza kama nimesaini, nimesema ndiyo, amesema vizuri. Hakutaja siku ya leo. Kwake siku zangu za kuzaliwa zilikuwa kazi ya mama. Kesho zamu yangu inaanza saa moja asubuhi, na yule bibi wa chumba cha mwisho ameongezwa kwenye orodha ya wa kuinuliwa na watu wawili, ila mtu wa pili bado hajapatikana.

Wakinikubalia baada ya nafasi kwenda, au wakinikatalia kabisa, nitakuwa nimemkana mama kwa ajili ya nini?