Bisibisi Sikioni

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Wewe je, na hao wanafunzi wako?

Miaka minne bila barua ni mingi, na najua ukimya ulianzia kwangu. Leo naandika kwa shida, sitazunguka. Kinu chetu cha unga kimeleta mashine mpya na mkubwa mpya. Tunamwita Bwana Tai, maana hata kwenye vumbi havui tai yake. Anaongea Kiingereza kitupu. Mwisho wa mwezi kuna mtihani wa Kiingereza, na fundi atakayeshindwa atahamishiwa kubeba magunia. Kwa mgongo huu?

Mwalimu wa Kiingereza ninayemjua ni wewe tu. Kila asubuhi Bwana Tai anaanza na "listen". Anza hapo. Mvi hazinizuii kujifunza.

Ni mimi baba yako.

9 Machi

Shikamoo baba,

Mimi sijambo. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Haya, tufanye kazi.

"Listen" ni kusikiliza, kutega sikio kwa kukusudia. Kelele za kinu zinakuingia hata ukiwa unakula. Hiyo ni "hear", kusikia tu. Ukitaja unachokisikiliza, tanguliza "to": "listen to the machine." Neno "listen" likisimama peke yake mwanzoni, msemaji anataka mnyamaze. Na mzazi akilalamika kwamba mtoto "doesn't listen", ana maana hatii.

Andika sentensi tano unirudishie. Nasahihisha kwa wino mwekundu, usinune.

Mwanao.

15 Machi

Marahaba Mwalimu,

Mimi naendelea. Sentensi zako ziko nyuma ya karatasi.

Kumbe kazi hiyo naifanya miaka thelathini. Naweka ncha ya bisibisi kwenye beringi, mpini sikioni, nafumba macho. Kinu kizima kinapiga kelele, mimi nasikiliza beringi moja. Bwana Tai aliponiona alicheka, akanionyesha kwamba mashine zake zina taa za kuonya. Sawa, tutaona.

Nina swali. Mtu atajuaje kwamba mwenzake amesikiliza kweli? Bwana Tai akituuliza, wote tunaitikia "yes", na hakuna aliyeambulia kitu.

Baba yako.

20 Machi

Shikamoo baba,

Pole na mgongo. Sentensi nne ni sawa, ya tatu umesahau "to".

Darasani siulizi kama wamesikiliza. Namwambia mtu arudie nilichosema kwa maneno yake. Hapo hakuna pa kujificha.

Wewe ulikuwa unanijibu "nimesikia", spana mkononi, kichwa huinui. Jioni ile kabla sijaondoka nilisema mengi, ukanijibu neno hilo moja. Liliniuma baba, na bado linauma. Nimeliandika ili lisinikae kooni. Mtihani nenda ukaufanye. Usikubali magunia.

Mwanao.

6 Aprili

Shikamoo baba,

Mtihani umepita wiki nzima, na wewe kimya. Kama ni yale niliyoandika, siyafuti. Ila niambie kama uko mzima.

Mwanao.

14 Aprili

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima. Nilikuwa natafuta maneno.

Mtihani kwanza. Tulikuwa tunaandika ofisini ghorofani, nikasikia mashine ya pili imebadilika sauti. Nikasimama, nikasema, "Listen." Wote kimya, hata Bwana Tai. Tukashuka, taa zote za kijani. Nikampa bisibisi, akaweka mpini sikioni, akaizima mashine mwenyewe. Beringi ilikuwa imeshaanza kulika. Kisha akanirudisha kwenye karatasi yangu, hakuna cha upendeleo. Alama ya kupita ni hamsini, nimepata hamsini na mbili. Magunia watabeba wengine.

Sasa jioni ile. Ulisimama mlangoni, mimi nafungua pampu ya maji. Ulisema chuo cha ukarani nilichokuandikisha hukukitaka. Ulisema unataka kufundisha, kwamba ukimweleza mtu jambo akalielewa, siku yako imekamilika. Ulisema mama yako angekuwa hai angekuuliza kwanza. Ulisema utaondoka asubuhi, nitake nisitake.

Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe. Palipo na kosa tia wino mwekundu.

Baba yako.

19 Aprili

Shikamoo baba,

Nimelia, kisha nikachukua kalamu. Yote ni sawa isipokuwa mwisho. "Utake usitake" sikusema. Nilisema naondoka asubuhi, nikakuomba unisindikize mpaka stendi. Nilikungoja pale na begi langu mpaka basi la kwanza likaniacha.

Nimeshakusamehe. Nafika Jumamosi, basi la saa nne. Njoo stendi, na spana uiache nyumbani.

Mwanao.