Chale za Mkono Wako wa Kushoto

Mama yangu,

Nakuandikia kutoka Shirere, ninakokaa sasa. Mvua ya alasiri imeshuka kwa nguvu hata mji hauonekani, kuna weupe tu mlangoni kama mtu ametundika shuka. Najua hukuwahi kujifunza kusoma. Barua zangu zote za shule ulisomewa na Baba, naye alikuwa akiruka pale alipoona haya. Hii sitaki akusomee mtu. Nikimaliza nitaisoma mwenyewe kwa sauti, nawe usikilize huko uliko.

Tangu uondoke mambo yamegeuka. Ile nyumba ya mzungu, yenye baraza refu uliyokuwa ukiipita umeinamisha kichwa, sasa ni shule. Watoto wa kwetu Chekalini wanaimba hesabu sebuleni mwake. Baba amelima hadi karibu na mto, na mahindi ya msimu uliopita yalimzidi urefu, akawa anaingia humo anapotea, tunasikia kikohozi chake tu. Kaburi lako linaota majani. Anayang'oa kwa mkono, hataki jembe liguse hapo. Nami nimepata kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya serikali mjini. Vidole vyangu vinakwenda vyenyewe, kama vyako ulipokuwa ukipukuchua mahindi huku unatazama kwingine.

Lakini uso wako unaniponyoka, Mama.

Picha hatuna. Siku mpiga picha alipokuja, zile sherehe za bendera mpya, ulikuwa jikoni na ule mwiko mkubwa unasonga obusuma ya wageni. Tulikuita. Ukasema, "Nitapigwa siku nyingine, ugali hauwezi kungoja." Nakumbuka sauti. Nakumbuka moshi. Uso sioni.

Ninakuota. Unapita katikati ya mahindi, marefu kuliko yale ya kweli, ukungu umelala juu yake, nawe umenipa mgongo. Naita, husimami. Ninachokiona ni mkono wako wa kushoto ukisukuma majani, na juu yake zile chale: mstari wa vinundu vidogo, vyeusi kuliko ngozi, unaotoka kwenye kifundo cha mkono, unapanda, unapinda kidogo, halafu unaendelea kuelekea kiwiko. Nikiamka vidole vyangu vinahisi kana kwamba vimetoka kuvigusa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikivipapasa hivyo, kimoja kimoja, nawe unajifanya umelala.

Jumapili ulikuwa unavificha. Gauni la mikono mirefu, hata jua likiwa kali, kwa sababu wazee wa kanisa walisema mtu aliyebatizwa hawezi kukaa na alama za zamani zikionekana. Baba ni mmoja wao. Hukunung'unika. Ulifunga vifungo, ukaimba kuliko wote.

Basi ndoto hizo ziliponizidi, nikaamua nichanjwe kama wewe. Nilijiambia: kama uso umekwenda, mkono usiende.

Nilimwambia Baba wakati wa kuvuna, tukiwa tunakula. Akaweka tonge chini.

"Nafula," akasema, "mama yako alibatizwa, hiyo kitu ikafunikwa. Ilizikwa na yeye. Usiniletee hapa nyumbani."

Hakula tena. Asubuhi alinisindikiza hadi barabarani, akanikabidhi kuku wa kurudi naye mjini, amefungwa miguu, akageuka. Niliutazama mgongo wake mpaka ukaishia kwenye mahindi. Sina mzazi mwingine, Mama. Niliogopa.

Ofisini ninakaa na Halima, msichana wa Mumias, mcheshi, ambaye kila Idi huja na hina mikononi. Nikamweleza. Akanishika mkono akaugeuza huku na huku kama mtu anayenunua kitambaa.

"Yangu inafutika," akasema. "Yako haifutiki. Sasa niambie, mama yako angekuwa hai, ungechanja?"

Nilirudi kwenye mashine yangu nikapiga barua nzima yenye makosa.

Hata hivyo nilikwenda. Jumamosi moja nilifika Butali kwa Mama Mdogo Namalwa, rafiki yako wa usichana, yule aliyekuchanja. Nilimkuta shambani anapalilia njugu. Bado ni mwembamba, bado anaongea kwa sauti ya juu kana kwamba uko ng'ambo ya mto. Aliponiona alitupa jembe akanikumbatia na udongo wake wote. Akachinja ingokho, kuku wa mgeni. Nilipomwambia kilichonileta nilianza kulia, na nikalia sana.

Kisha Mama Mdogo akakunja mkono wa gauni lake. Mama, hukuniambia kwamba yeye anao mstari kama wako! Tofauti ni kwamba wake umenyooka.

"Huu alinichanja mama yako," akasema. "Alikuwa na mkono mtulivu. Wake nilichanja mimi. Yeye alikuwa anachekanga tu. Namwambia tulia, anacheka. Mwiba umeinua ngozi, wembe uko hapa, na yeye anacheka, mkono unatikisika. Ndiyo maana ulipinda. Sasa wewe unataka nikuchanje makosa yangu?"

Mimi niliyedhani kwamba ule mpindo una maana kubwa! Nilidhani ni mto, au njia ya ukoo wenu.

"Sisi tulichanja kwa sababu tulitaka kupendeza," akasema. "Wewe unaleta machozi. Mimi sichanji msiba, mtoto wangu. Rudi nyumbani. Ukija tena, uje unataka kitu chako mwenyewe."

Nilirudi na hasira. Nilikaa nayo majuma mengi. Nikiwa kwenye mashine nilikuwa nikiutazama mkono wangu mtupu ukienda na kurudi, nikaona ni mkono wa mtu yeyote.

Halafu mvua za masika zilipoanza, akaja ofisini mama mmoja mzee kufuata habari za shamba lake. Alikuwa na chale kwenye paji la uso, na nyingine zilizoteremka mashavuni. Karani wetu mmoja alimwangalia akacheka pembeni, "Hawa ni watu wa zamani kabisa." Yule mama hakusikia, au alisikia akaona haimhusu. Alikuwa anatikisa maji ya mvua kwenye leso. Mwanga wa dirishani ulimpiga upande, kila kinundu kikapata kivuli chake kidogo, na uso wote ukawa kama kitu kilichofumwa. Mama, sikukukumbuka wewe hata kidogo. Nilimtazama tu nikasema moyoni: nzuri sana. Nami nataka. Nilitaka jinsi msichana anavyotaka gauni aliloliona likipita njiani.

Nikamgeukia Halima nikamwambia, "Angekuwa hai, ningechanja."

Akasema, "Basi tunakwenda wote. Sitakuacha upige kelele peke yako."

Mama Mdogo alitutazama tukiingia uani, tumelowa, tunacheka kwa sababu Halima alikuwa ameteleza njiani akakaa kwenye matope. Akaenda kuleta mwiba na wembe, akakwangua masizi chini ya sufuria. Nililala kwenye mkeka barazani. Inauma, Mama. Mbona hukusema kwamba inauma hivi? Halima alinishika bega, akaanza kunisimulia habari za shangazi yake aliyekimbizwa na bata mzinga wake mwenyewe siku ya harusi ya watu, na nikacheka nikiwa natokwa na machozi, na Mama Mdogo akapiga kelele, "Tulia! Tulia wewe! Ni damu ileile!"

Kwa hiyo wangu pia umepinda, lakini karibu na kifundo, si mahali pako.

Ulipona vizuri. Mafuta ya mbarika, asubuhi na jioni. Ofisini nilikuwa navaa mikono mirefu, kisha siku moja nikasahau, na dunia haikuanguka. Kazi hii ngumu ya kwenda nyumbani ndiyo niliyoiahirisha. Nilienda mwisho wa mwezi uliopita.

Baba alikuwa amekaa nje akinoa panga. Nilikuwa nimejipanga kumweleza, nina maneno yangu yote. Nilipompelekea chai alipokea kikombe, akaona. Akakiweka chini polepole. Nikangoja anifukuze.

Akasema, "Leta mkono."

Nikampa. Kidole chake kigumu kikaanza kwenye kifundo, kikapanda kinundu kwa kinundu. Kilipofika penye mpindo kikasimama, kikaendelea. Kikafika mwisho, chini ya kiwiko. Lakini hakikusimama hapo, Mama. Kiliendelea juu ya ngozi tupu, kikapita kiwiko, kikapanda hadi karibu na bega.

"Zake zilifikanga hapa," akasema.

Nikamwambia kwamba Mama Mdogo hakunitajia hizo, nawe za juu ya kiwiko hukuwahi kunionyesha.

"Namalwa hajui. Hizi za juu alichanjwa kwetu, kabla hatujabatizwa. Wewe ulikuwa umeanza kucheza tumboni. Akasema anataka zingine kwa sababu amefurahi. Mimi ndiye nilimshika bega." Akatazama upande wa mahindi. "Nilimshika mimi mwenyewe. Halafu nikamwambia afunike."

Hakulia. Ila hakuachilia mkono wangu, na chai ikapoa, na kuku wakaja wakapita kati yetu, na jua likaingia mahindini. Kisha akaanza kuongea juu yako. Alisema ulikuwa na mwanya. Alisema jicho lako moja lilikuwa linafumba zaidi ukicheka. Mambo mengine aliyaruka, nikajua ni yale ya kuona haya. Nami nikawa nakuona, kipande kwa kipande, kupitia kwake. Tangu siku hiyo sijaiota ile ndoto.

Sasa mvua imepungua, na Halima anabisha mlangoni.

Sehemu ya juu ya kiwiko nimeiacha tupu. Pale pana furaha yenu wewe na Baba, na mimi nilikuwa ndani yake tayari. Ninakuahidi hivi: kila mwisho wa mwezi nitakwenda Chekalini, nitakaa na Baba pale nje, nami sitachoka kumuuliza habari zako mpaka asiruke hata moja.

Lala vizuri, Mama. Lala mikono wazi.

Mwanao,
Nafula