Natembea Tu Msituni, Sasa Nina Foleni ya Wagonjwa

Mpendwa mshauri Bi Nasra, naomba msaada wako, na naomba upesi, maana hivi ninavyoandika barazani kwangu wamekaa watu wanasubiri dawa, na mimi si daktari, si mkunga, si mganga, mimi ni mama wa kanisani hapa Maramba, nauza maandazi asubuhi na kulima mihogo, basi.

Haya yote yameanzia Uingereza. Binti yangu Precious ni nesi huko, na mwaka jana alipojifungua alinikatia tiketi nikamlee mtoto, nikakaa miezi mitatu, na kila Jumapili tukitoka ibadani alikuwa ananivalisha koti na mabuti ya mpira, anamfunga mtoto kifuani, tunapanda basi tunakwenda msituni. Siku ya kwanza nikamwuliza, "Tunakwenda kwa nani?" Akasema, "Si kwa mtu, mama, tunatembea tu." Nikasema moyoni labda kuna mgonjwa hataki kuniambia. Tukaingia kwenye njia ya kati ya miti mikubwa, njia rahisi hata bibi kizee anaiweza, ina vigeti vidogo vya mbao na vibao vya mshale, chini ya miti maua ya samawati yametanda kila upande, na wale tunaokutana nao, wazee kwa vijana, na mbwa wao, wanatusalimia na kupita, hakuna anayeuliza mmetoka wapi wala mwamtafuta nani, tukakaa juu ya gogo tukanywa chai ya chupa, tukaendelea, mara naona tumerudi palepale kwenye kituo cha basi. Nikashika kifua. "Precious mwanangu, tumepotea!" Akacheka mpaka mtoto akaamka.

Mwanzoni niliona ni upuuzi, kuchosha miguu halafu hurudi hata na ukuni mmoja, lakini haukupita muda mimi ndiye nikawa natangulia mlangoni na mabuti yangu, maana humo msituni tulizungumza mambo ambayo ndani ya nyumba hatujawahi kuyagusa. Sasa nimerudi, nyumba imekuwa kimya, nami nikishauza maandazi nachukua fimbo naingia msitu ulio nyuma ya mashamba yetu, nazunguka, narudi, roho inatulia kidogo.

Lakini Bi Nasra, wewe ni mtu wa Tanga, unajua kwetu mtu hapiti kimya. Siku ya kwanza tu, "Waenda wapi mama Precious?" Nikasema natembea. "Watembea waenda wapi?" Nikasema popote. Wakatazamana. Wakaenda wakakata shauri kwamba nimepotelewa na mbuzi na naona haya kusema, kwa hiyo kesho yake nakuta vijana wameshanitangulia msituni wanapiga kelele, mmoja ananiuliza, "Mama, mbuzi wako rangi gani?" Na mimi kwa kuwaonea huruma, na jasho lile walilokwisha kutoka, nikasema mweusi. Jioni wakaniletea mbuzi mweusi, wa watu! Nikampeleka kwa mwenyewe huku nimejitanda kanga mpaka puani.

Ndipo nikaona bora niwe na jibu la maana, na safari iliyofuata nilipoulizwa nikasema natafuta majani ya dawa. Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe. Kesho yake alfajiri Mzee Mwinyijuma kagonga hodi. "Nimesikia mama Precious wajua miti. Hebu nitizamie goti hili, lan'tesa." Nikashindwa kumkatalia mtu mzima yule, nikamkatia mchaichai wa uani kwangu, na ili asinizoee nikamwambia dawa hii haifanyi kazi mpaka uifuate mwenyewe kwa miguu kila asubuhi, na yeye akaifuata kweli, kutoka kwake mpaka kwangu ni mwendo, na goti likapona! Sasa anaonyesha watu jinsi anavyochuchumaa.

Basi tena. Wa mgongo huyu, wa tumbo huyu, wa mume asiyerudi mapema yule, na wote nawapa mchaichai. Mume wangu Laurenti badala ya kunitetea amejenga banda, maana wagonjwa wanaleta kuku, anasema Mungu akifungua mlango usiufunge wewe. Mchungaji naye Jumapili iliyopita amehubiri juu ya waumini wanaorudia mambo ya gizani, na macho yake yalikuwa upande wangu.

Haya yote ningeyacheka, ila jirani yangu Khadija, mtu ninayempenda, binti zake wote wameolewa Mombasa na yuko peke yake, ana sukari, na juzi kaniambia kwa furaha kwamba vidonge vya kliniki ameviacha kwa sababu majani yangu yanamtosha. Bi Nasra, nilitaka kumwambia ukweli, nikaishia kumwuliza habari za Mombasa, maana nikisema sina dawa ataniuliza msituni nilikuwa nafanya nini, na nikisema natembea tu nani atanielewa? Nishauri, niache kutembea? Jina langu usihangaike kulificha, Maramba nzima inajua ni nani anayeingia msituni na fimbo.

Beatrisi, mama Precious, Maramba

BI NASRA ANAJIBU

Mama Precious, barua yako nimeisoma hapa Ngamiani, nikacheka mpaka kwenye mbuzi, nikacheka tena kwenye banda, nilipofika kwa Khadija nikavua miwani. Sukari haingoji gazeti litoke. Ulikuwa umeandika namba ya simu chini ya barua, nikapiga papo hapo. Akapokea mumeo. Kabla sijajitambulisha akaniuliza, "Nawe waumwa nini, dada?" Nikamwambia siumwi mimi, anayeumwa ni Khadija, na mkeo akitoka huko msituni asivue hata viatu, aende moja kwa moja kumwambia arudie vidonge vyake, kisha ampeleke kliniki. Natumaini amekufikishia. Kama hakukufikishia, weka gazeti chini sasa hivi uende, mengine utayasoma ukirudi.

Umerudi? Haya.

Sikulaumu kwa kutembea. Mtu mzima kutumia miguu yake mwenyewe si kosa kwa serikali wala kwa Mungu. Nakulaumu kwa kuona haya mahali pasipo na haya, kisha ukakosa haya mahali palipostahili. Umeona aibu kusema natembea, hukuona aibu kumnywesha mtu wa sukari majani ya chai! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yako imekwishia mlangoni kwa jirani unayempenda. Unasema hatakuelewa. Atakasirika, ndiyo, na ana haki. Mwache akasirike huku yu hai.

Wale wa barazani waambie leo, wote kwa pamoja, kwamba hukuwa na dawa na huna. Wenye maradhi waende hospitali. Mwenye mume asiyerudi mapema aniandikie mimi. Mzee Mwinyijuma mpe heshima yake, mwambie mchaichai haukutibu kitu. Mimi nami si daktari, lakini naona goti lilikuwa limelala na safari ya kila asubuhi ndiyo iliyoliamsha, kwa hiyo chai akipenda anywe, ila mwendo asiache. Kuku walio hai warudi kwao. Waliokwisha kuliwa, Laurenti mwenyewe apite nyumba kwa nyumba kuomba radhi, nayo itamtoa nje kidogo. Kwa mchungaji nenda kabla hajakuita, mweleze kuanzia kwenye maua ya samawati, na umbebee maandazi.

Sasa swali lako. Usiache kutembea. Lakini hujanidanganya mimi, mama Precious. Umejaza kurasa kwa mbuzi na kuku, na katikati ukapenyeza maneno machache, nyumba imekuwa kimya, kisha ukayakimbia upesi ukarudi kwenye fimbo. Mimi nimeyarudia. Wewe hutembei tu. Unamfuata mtoto wako. Ulizungumza naye chini ya miti, na sasa ukiingia chini ya miti unamsikia. Mimi nina mwana Muscat na kila nikisikia harufu ya udi nasimama nilipo, kwa hiyo ninajua ninachokisema.

Na hilo ndilo jibu ulilolikosa siku ile ya kwanza. Ukisema unakwenda popote, Maramba haikuelewi, na hailazimiki, maana kwetu mtu huulizwa aendako ili akipotea tujue pa kumtafuta. Hao waliokuletea mbuzi wa watu walikuwa wanakupenda, dada yangu. Waambie, "Namkumbuka Precious na mjukuu wangu, nikitembea ndiyo napumua." Hakuna mzazi wa huko atakayekuuliza la pili.

Kisha subiri Khadija apoe. Akipoa, siku ya kliniki mfuate kwake, nendeni pamoja, na kama daktari ameridhia na miguu inakubali, mrudi kwa njia ya msituni polepole, njia iliyo tambarare, chai yenu kwenye chupa, yake bila sukari. Mkae juu ya gogo, wewe umsimulie Uingereza, yeye akusimulie Mombasa. Na vijana wakiwakuta hapo wakawauliza mwamtafuta nani, msiseme mbuzi, msiseme majani. Watajieni watoto wenu, mmoja mmoja, kwa majina.