Iache Inywe Maji

Mombasa, Mji wa Kale
8 Septemba 2024

Mjomba Haroon,

Asalaam aleikum. Natumai barua pepe hii inakukuta mzima, binti yako Hussaina na wanawe hawajambo, na baridi ya Birmingham haijaanza kuyatafuta magoti yako. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu na anasema usiruke dawa ya presha. Nakuandikia kwa kuwa simu huisikii tena, na mimi kwa maandishi hujipanga vyema kuliko kwa mdomo.

Mjomba, boti uliyonipa nimekwenda kuiona. Rafiki yako Fuad ameiweka nyuma ya bohari lake karibu na soko la samaki, juu ya magogo, chini ya turubai, tangu ulipohama. Rangi imebabuka, injini imeshika kutu, na baina ya ubao na ubao napitisha kidole. Niliinama ndani nikamwona paka wa Fuad amelala upande wa pili.

Mimi sijapata kumiliki chombo cha baharini, wala hata baiskeli. Unajua Mama alivyotukataza maji. Kuogelea sijui mpaka leo. Lakini umesema unakuja Desemba, na unataka nikupitishe kwa boti hiyo nyuma ya nyumba yenu ya zamani kabla aliyeinunua hajaivunja. Nimepita pale nikitoka kazini. Mlango wa njiani umezibwa kwa mabati na mlinzi haruhusu mtu. Basi njia iliyobaki ni baharini. Nitaitengeneza, inshallah. Nimeshaanza kusoma namna ya kufanya.

Mpwa wako,
Shoaib

*

Birmingham
11 Septemba 2024

Shoaib mwanangu,

Waaleikum salaam. Mimi mzima wa kulalamika, na huo ndio uzima wa umri huu. Mwambie mama yako dawa nameza, na asinifanye mtoto, mimi ndiye niliyemfundisha kuvaa viatu.

Kusoma soma, lakini sikiliza. Boti ile si mbovu, ina kiu. Mbao zikikaa nchi kavu husinyaa. Tia kalafati ya pamba iliyolowa mafuta katika nyufa, kwa mkono mwepesi, usikaze. Kisha ishushe, uifunge penye maji ya magotini, uiache inywe. Itajaa. Itakaa pale kama bakuli la mchuzi na watu watakucheka. Wewe nenda kazini kwako. Baada ya siku mbili tatu mbao zitavimba zishikane zenyewe, ufue maji kwa ndoo, umemaliza. Sisi tulifanya hivyo kila mwaka.

Nyumba ile sitaki kuingia. Nataka kuiona kwa nyuma tu. Mkazamjomba wako Razia, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akisimama kwenye roshani ya jikoni nikirudi kuvua, ananipokea kwa matusi kabla sijafunga kamba: "We Haroon! Samaki wawili kwa debe zima la mafuta! Si ungenunua sokoni, ukarudi mapema?" Mtaa mzima unasikia. Na mimi namjibu kutoka chini, "Wa sokoni hawakujui wewe!" Nataka nifike pale mara moja, mkono wangu ukiwa kwenye usukani.

Mjomba wako,
Haroon

*

Mombasa
3 Novemba 2024

Mjomba Haroon,

Asalaam aleikum. Habari za huko? Hussaina ameniandikia kuwa ulikohoa wiki nzima. Tafadhali vaa soksi ndani ya nyumba. Sisi hatujambo ila joto.

Kazi inaendelea. Nimempata fundi wa injini, Ngumbao, mtu wa Kilifi, hodari lakini mdomo hauna breki. Kila jioni nikiifunika boti huniuliza, "Karani, hii unaitengeneza ama unaizika?" Nikamwuliza habari ya mbao, akasema, "Mimi mambo yangu injini. Mbao muulize aliyeupanda mti."

Jumamosi iliyopita tuliishusha kwa majaribio, na pamba tumetia kama ulivyosema. Mjomba, kabla Ngumbao hajavuta kamba ya injini maji yalishatufika vifundoni. Nikaamuru itolewe. Fuad akaniuliza, "Kwani Haroon hakukwambia uiache?" Nikamjibu kuwa mjomba wangu ana miaka sabini na sita na yuko Uingereza. Nisamehe. Nilikuwa nimelowa suruali ya kazini.

Lakini tatizo nimelimaliza. Nimenunua gundi ile ngumu inayokauka kama jiwe, nikaijaza nyufa zote mwenyewe kwa kisu cha siagi, kila nikitoka ofisini Makupa. Sasa hata wembe haupiti.

Mpwa wako,
Shoaib

*

Birmingham
3 Novemba 2024

Shoaib,

Salaam. Ing'oe gundi yote. Mbao zikivimba zitakwenda wapi? Zitasukumana mpaka zipasue mataruma, mbavu zenyewe za boti. Ing'oe, rudisha pamba, iache inywe. Tiketi nimeshakata, nafika katikati ya Desemba.

Mjomba wako

*

Mombasa
29 Desemba 2024

Mjomba Haroon,

Asalaam aleikum warahmatullah. Natumai umefika salama na ndege haikukuchosha. Mama anakusalimu. Halua uliyoisahau tutampa mtu anayekuja huko.

Pale uwanjani sikuweza kusema neno, kwa hiyo naandika.

Gundi niliing'oa, kama ulivyoona, ila kwa uoga wa kuumiza mbao nilikwenda polepole mno, nikamaliza siku uliyotua. Ulipokaa kwenye ngazi za pwani na fimbo yako, boti ikijaa, wewe ukicheka, "Tazama inavyokunywa! Tazama!", mimi nilikuwa natabasamu kwa meno tu. Kesho yake nilipitia pale kabla ya kazi. Ilikuwa imezama mpaka ukingoni. Wauza samaki wamekusanyika. Mmoja wao, Aidarus, akaniita mbele ya wote, "Karani, umefungua kidimbwi? Kiingilio pesa ngapi?" Nikawaita wapagazi, tukaifua na kuivuta juu.

Ulipokuja na Mama ukaikuta kwenye magogo, uliweka fimbo chini. Ulipapasa ubao mmoja tu. Mimi ndiye niliyesema: si salama, maji mengi, wewe ni mzee wetu, nikuzamishe nimwambie nini Hussaina? Nikataka kukukodia mashua nyingine, ukasema, "Kwenye ya kukodi mtu hukaa abiria." Siku zikapita kwa karamu na kutembelea jamaa, na kila nilipofungua mdomo kuitaja boti, nilitaja jambo jingine.

Nilihofia uhai wako, Mjomba. Naomba radhi.

Mpwa wako,
Shoaib

*

Birmingham
5 Januari 2025

Shoaib mwanangu,

Waaleikum salaam. Nimefika, nimelala, nimeamka, soksi nimevaa. Halua kuleni wenyewe.

Unasema ulihofia uhai wangu. Maji yale ni ya magotini. Ningezama vipi, kwa kulala? Wewe ulimwogopa Aidarus. Nakwambia si kwa hasira, ila kwa kuwa wewe ni msomi na hupenda mambo yaandikwe sawasawa.

Nami nina sehemu yangu. Nilipoikuta kwenye magogo ningesema "Irudisheni", na ungetii. Lakini niliutazama uso wako, nikasema kijana huyu ameshaaibika leo, nisimwongeze. Kila siku nikasema labda kesho atasema mwenyewe. Basi sote wawili tulikuwa na adabu, na nyumba hatukuiona.

Daktari amenikataza ndege kuanzia sasa. Usihuzunike, ni safari ndefu hata kwa mzima. Boti ni yako. Irudishe majini, na safari hii uiache.

Mjomba wako,
Haroon

*

Mombasa
16 Februari 2025

Mjomba Haroon,

Asalaam aleikum. Mama amenisomea ujumbe wa Hussaina, kwamba sasa unatembea mpaka dirishani na kurudi. Tunakuombea. Huku hatujambo.

Niliirudisha majini. Ilijaa, Aidarus akacheka, nikaenda zangu kazini, nikakosea namba za kontena nikazifuta nikakosea tena. Nilipokwenda na Ngumbao kuifua, tulikaa kando tukingoja. Maji hayakurudi. Nilipitisha kiganja chini kote, pakavu. Ngumbao akapiga mluzi akasema, "Karani, kumbe ilikuwa inakungoja wewe tu uondoke." Nilicheka naye, kisha nikaona haya kucheka. Siku ulizokuwa hapa zilitosha, Mjomba. Zilitosha na kubaki.

Leo Jumapili tumetoka, yeye kwenye injini, mimi kwenye usukani. Niliogopa kila wimbi la boti iliyotupita, lakini nilikwenda. Kwa njiani yale mabati yapo vilevile, kwa hiyo sikujua kwamba wameshaanza. Tulipokata kona ya ukuta nikaiona nyumba haina paa. Roshani ya jikoni ilikuwa bado, na watu wawili wamesimama juu yake na nyundo, wamejifunga vitambaa puani kwa vumbi.

Nikapaza sauti, "Ngojeni! Ngojeni kwanza!" Sikujua kama nina sauti kubwa hivyo.

Wakaacha kweli. Mmoja akainama akashusha kitambaa, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Tungoje nini, bosi?"

Ngumbao akazima injini akanitazama. Simu ilikuwa mfukoni, ningesema napiga picha, lakini wewe hukutaka picha. Wale watu walisimama na nyundo zao, wakiangalia nyuma yangu baharini, kama wanaodhani kuna mtu anakuja. Kisha yule mmoja akaniinulia mkono, akapandisha kitambaa, wakaendelea.

Mpwa wako,
Shoaib